Kutoka Kiwanda cha Uzi hadi Fainali

Majengo ya matofali mekundu yanayopakana na Mto Passaic hapa East Newark, New Jersey, yalikuwa ya Clark Thread Company, kampuni ya uzi wa kushonea yenye asili ya Paisley, Uskoti. Napita jirani nayo na basi kila siku ya kazi. Abiria wengi hawayatupii jicho. Mimi siwezi, kwa sababu mpira wa Marekani, ule ambao ndugu zangu wa Mwanza wanaamini umeanza juzi alipokuja Messi, ulikuwa umeshapamba moto chini ya kuta hizi zaidi ya miaka hamsini kabla Yanga haijaanzishwa mwaka 1935.

Mwaka 1883 wafanyakazi wa kiwanda hiki, wengi wao Waskoti waliokuja na ujuzi wa mitambo ya nyuzi, waliunda timu. Wakaiita ONT, herufi tatu za chapa ya uzi wao. Mwaka 1884 chama cha mpira kikaundwa Newark, ng'ambo ya mto, na mwaka 1885 likashindaniwa kombe la kwanza la chama hicho. ONT wakalibeba. Wakalibeba tena 1886, na tena 1887. Katikati ya ushindi huo, tarehe 28 Novemba 1885, timu ya kuteuliwa ya Marekani ilicheza na Kanada hapa hapa, ikalala 1-0. Mwaka uliofuata Wamarekani wakalipiza, 3-2. FIFA haizihesabu mechi hizo, lakini FIFA yenyewe ilizaliwa mwaka 1904.

Baba yangu alifanya kazi katika kiwanda cha kuchambua pamba, na mimi nimekulia kwenye mpira wa mashirika: Pamba ya Mwanza, Reli ya Morogoro, Bandari ya Mtwara. Mpira wa aina hiyo naujua. Mwajiri anatoa jezi, uwanja na ruhusa ya kutoka kazini mapema siku ya mazoezi. Fundi mzuri wa mpira anapewa kazi ghalani hata kama hajawahi kushika mzani. Siku ya mechi mji mzima unahamia uwanjani, na asiyekwenda anaulizwa anaumwa nini. Najua pia unavyokufa: shirika likiyumba, timu inayumba nalo, hata ikiwa imejaa vipaji hadi benchi. Historia ya mpira wa Marekani nimeisoma kwa macho hayo, na ninachokiona ni kwamba nchi hii haikuwahi kukosa wachezaji wala watazamaji. Kilichokosekana mara kwa mara ni mlango wa kuwaingiza watoto wa watu wa kawaida, na wenye mali wenye subira.

Mlango wa kwanza ulifungwa na vyuo vikuu. Tarehe 6 Novemba 1869, Rutgers na Princeton walicheza mechi kule New Brunswick, kusini mwa hapa, wachezaji 25 kila upande, mpira ukipigwa kwa mguu na kwa ngumi, si kubebwa. Laiti vyuo vingeshika njia hiyo, labda leo tungekuwa tunazungumza nchi nyingine. Lakini Harvard walipenda mchezo wa kubeba mpira, na mwaka 1874 walipocheza na McGill ya Montreal kwa kanuni za raga, wakanogewa. Vyuo vingine vikawafuata, na huko ndiko ilikotoka futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu. Tangu hapo mchezo wa wasomi ukawa huo, na soka likaachiwa watu wa viwandani na wageni. Kwa karibu karne nzima mtoto wa Kimarekani aliyecheza soka alionekana mtoto wa mgeni, hata kama amezaliwa hospitali ya mtaa uleule.

Wageni hao waliucheza kweli. Fall River, Massachusetts, mji wa viwanda vya nguo uliojaa watu kutoka Lancashire, wakafuatiwa na Wareno wa visiwa vya Azori na Wafaransa wa Kanada, ulipokea kombe kutoka kwa ONT: timu ya Rovers ililitwaa 1888 na 1889. Bethlehem, Pennsylvania, palikuwa na kampuni ya chuma ya Charles Schwab, na timu yake, Bethlehem Steel, ilishinda Kombe la Taifa, kombe la klabu za nchi nzima, mara tano kati ya 1915 na 1926. Mwaka 1919 timu hiyo ilipanda meli hadi Sweden kucheza mechi za ziara. Pawtucket, Rhode Island, kampuni nyingine ya uzi, J. & P. Coats, ilikuwa na timu iliyochukua ubingwa wa ligi msimu wa 1922-23.

Ligi hiyo, American Soccer League, ilianza mwaka 1921. Ilikuwa ligi ya kulipwa, na malipo yalikuwa mazuri, kwa sababu mchezaji alipata mshahara wa kiwandani na posho ya mpira juu yake. Klabu za Uskoti zililalamika kwamba wachezaji wao wanavunja mikataba na kupanda meli. Archie Stark, mzaliwa wa Glasgow aliyekulia hapa New Jersey, aliifungia Bethlehem Steel mabao 67 katika ligi msimu wa 1924-25. Nimesema 67.

Kinachonivutia zaidi katika miaka hiyo ni uwanja wa Sam Mark. Mark alikuwa mfanyabiashara wa Fall River aliyeimiliki timu ya Marksmen. Siku pekee ambayo mfanyakazi wa kiwanda alikuwa huru ni Jumapili, na sheria za Massachusetts zilibana michezo ya kulipisha kiingilio siku hiyo. Mark hakwenda kubishana na wabunge. Alinunua ardhi North Tiverton, hatua chache tu ng'ambo ya mpaka wa jimbo, ndani ya Rhode Island, akajenga hapo uwanja wa kuchukua watu wapatao 15,000. Jumapili mchana watu wa Fall River walitembea kwa miguu, wakavuka mstari usioonekana, wakaangalia mpira kihalali, wakarudi nyumbani kula. Marksmen walishinda Kombe la Taifa mara nne: 1924, 1927, 1930 na 1931. Sijui mmiliki mwingine katika historia ya mpira wa nchi hii aliyeielewa ratiba ya mtazamaji wake kuliko Sam Mark.

Tarehe 1 Mei 1926, Hakoah Vienna, timu ya Wayahudi wa Austria, ilicheza Polo Grounds, New York, mbele ya watu 46,000. Rekodi hiyo ilikaa kwa zaidi ya miaka 50. Ukijumlisha hayo yote utaona kwamba katikati ya miaka ya 1920 soka la Marekani lilikuwa limesimama. Likaangushwa na ugomvi. Mwaka 1928 wenye ligi walitaka Kombe la Taifa lisichezwe katikati ya msimu wao, wakaamuru klabu zao zisishiriki. Bethlehem Steel, New York Giants na Newark Skeeters, timu ya hapa jirani, wakakaidi na kuingia kombe. Ligi ikawafukuza, chama cha mpira cha taifa kikaifungia ligi, zikaundwa ligi mbili zinazogombania wachezaji walewale na watazamaji walewale. Suluhu ilipatikana Oktoba 1929, mwezi uleule ambao soko la hisa la Wall Street liliporomoka. Viwanda vya nguo vya kaskazini, ambavyo tayari vilikuwa vinahamia majimbo ya kusini kufuata kazi ya bei nafuu, vikafunga milango kimoja baada ya kingine. Bethlehem Steel wakavunja timu mwaka 1930. Ligi ikafa 1933.

Wenye mpira wa nchi hii hawakujifunza sana kutokana na hayo. Desemba 2023, ligi ya leo, MLS, ilitangaza kwamba timu zake za kwanza hazitaingia Kombe la Taifa mwaka 2024, kombe lilelile lililoanza mwaka 1914, kwa sababu ileile ya ratiba. Chama cha taifa kilikataa, na mwishowe zikaingia timu nane tu za MLS. Niliposoma habari hiyo nilikasirika. Kombe hilo ndilo pekee hapa ambapo timu ya mtaa inaweza kukutana na timu ya mabilionea.

Matunda ya miaka ya viwanda yalionekana Montevideo mwaka 1930, kwenye Kombe la Dunia la kwanza. Marekani iliifunga Ubelgiji 3-0, ikaifunga Paraguay 3-0, ikafika nusu fainali na kufungwa 6-1 na Argentina. Mabao yote matatu dhidi ya Paraguay yalifungwa na Bert Patenaude, kijana wa Fall River. Ilichukua hadi mwaka 2006 kwa FIFA kumtambua rasmi kama mtu wa kwanza kufunga mabao matatu katika mechi ya Kombe la Dunia. Patenaude alishafariki mwaka 1974.

Baada ya hapo mpira ulirudi vichochoroni, kwenye vilabu vya kikabila. Nasema hivyo kwa heshima. Waskoti wa Kearny, mji ninaoishi, walishinda ubingwa wa ligi mpya iliyochukua nafasi ya ile iliyokufa mara tano mfululizo, 1937 hadi 1941. Waukraine wa Philadelphia walishinda Kombe la Taifa mara nne katika miaka ya 1960. Klabu kama hizi zilikuwa na baa, ukumbi wa harusi, na uwanja wenye nyasi upande mmoja na vumbi upande mwingine. Zilitunza moto wakati hakuna aliyezitazama.

Timu ya taifa iliyokwenda Brazil mwaka 1950 iliokotwa kutoka kwenye vilabu hivyo. Walter Bahr alikuwa mwalimu wa shule Philadelphia. Harry Keough alikuwa tarishi wa posta St. Louis. Golikipa, Frank Borghi, naye wa St. Louis, aliendesha gari la maiti. Joe Gaetjens, mshambuliaji, alitoka Haiti kusomea uhasibu Chuo Kikuu cha Columbia, na aliosha vyombo katika mkahawa New York ili apate nauli na chakula. Hakuwa hata raia, kanuni za wakati huo zilitosheka na nia ya kuomba uraia. Tarehe 29 Juni, Belo Horizonte, walikutana na Uingereza, timu iliyokuwa inacheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza ikijiona haina wa kulingana naye. Dakika ya 38 Bahr alipiga shuti kutoka mbali, Gaetjens akajitupa na kuugusa mpira kwa kichwa, ukabadili njia, ukaingia. Borghi akaokoa yaliyobaki. 1-0. Watazamaji wa Brazil walimbeba Gaetjens mabegani.

Magazeti ya Marekani hayakuwa na habari. Gaetjens alikwenda kucheza Ufaransa kidogo, akarudi Haiti, akaoa, akafungua biashara ya kufua nguo. Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa siasa, lakini ndugu zake walimpinga mtawala wa Haiti, François Duvalier, na tarehe 8 Julai 1964 askari wa siri wa Duvalier walimchukua. Hakuonekana tena. Mtu aliyeifunga Uingereza hana kaburi. Kila ninaposikia mtu anasema Marekani haina historia ya mpira, namtajia jina hilo kwanza, kisha ndiyo tunaendelea kuzungumza.

Miaka 40 ilipita kabla Marekani haijacheza tena Kombe la Dunia.

Katikati ya miaka hiyo ilizuka NASL, ligi ya watu waliodhani fedha zinaweza kununua kila kitu kwa mara moja. Ilianza 1968, na mabingwa wake wa kwanza walikuwa Atlanta Chiefs. Kwa sisi Waafrika timu hiyo si ngeni kama tunavyodhani. Humo alikuwamo Freddie Mwila wa Zambia, na humo alikuwamo Kaizer Motaung wa Soweto, ambaye aliporudi kwao mwaka 1970 aliunganisha jina lake na la timu hiyo, akaanzisha Kaizer Chiefs. Jezi zinazoonekana leo kwenye viwanja vya Afrika Kusini zina shina Georgia.

Kisha wakaja Cosmos. Warner Communications, kampuni ya filamu na muziki, ilimsajili Pelé mwaka 1975. Mechi yake ya kwanza, tarehe 15 Juni dhidi ya Dallas, ilichezwa katika uwanja mkuukuu wa Randalls Island, ulioota vipara kiasi kwamba walipaka rangi ya kijani ili kwenye televisheni uonekane una nyasi. Pelé aliponawa miguu alishtuka, akidhani ameambukizwa ugonjwa wa ngozi. Mwaka 1977 timu ikahamia Giants Stadium, East Rutherford. Walikuwapo Beckenbauer, Chinaglia, Carlos Alberto, na pia Jomo Sono wa Afrika Kusini. Tarehe 14 Agosti 1977 waliwafunga Fort Lauderdale 8-3 mbele ya watu 77,691. Uwanja huo ulivunjwa, na pembeni yake, katika eneo lilelile, ukajengwa MetLife Stadium, ambao umepangiwa fainali ya Kombe la Dunia tarehe 19 Julai 2026. Kutoka kiwanda cha uzi hadi hapo ni kama kilomita kumi.

Kilichoiua NASL nakijua hata kabla ya kusoma vitabu, maana nimeona klabu za nyumbani zikifa hivyo hivyo: kila mmoja alitaka Pelé wake. Mwaka 1978 ligi ilipanuka hadi timu 24. Wazee wa Ulaya na Amerika Kusini walilipwa mishahara ambayo viingilio havikuweza kuirudisha, na mtoto wa Kimarekani alipata nafasi chache sana uwanjani katika ligi ya nchi yake. Televisheni ilikata tamaa, Warner wakayumba, na baada ya msimu wa 1984 ligi ikafungwa.

Hata hivyo kuna kitu Cosmos walikiacha hapa, nacho hakikuwa kwenye hesabu za Warner. Walikiacha Kearny. Wakati Pelé anacheza East Rutherford, mitaa hii ilikuwa na vijana watatu. John Harkes, baba yake alitoka Dundee. Tony Meola, baba yake alitoka Italia. Tab Ramos alizaliwa Montevideo, akaletwa huku akiwa mtoto. Walikuwa na Cosmos jirani, na walikuwa na kitu kikubwa kuliko Cosmos: wazee wa mtaa waliocheza kila jioni na kuwaruhusu watoto waingie. Jirani yangu mmoja, mzee wa asili ya Kiskoti, ameniambia zaidi ya mara moja: "Hakuna aliyetufundisha, na hakuna aliyetutoza hata senti. Ulikaa pembeni ukingoja mkubwa achoke." Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo chandimu, tunaijua.

Tarehe 19 Novemba 1989, Port of Spain, Marekani ilihitaji kuwafunga Trinidad na Tobago ili ifuzu Kombe la Dunia la Italia. Wenyeji walitosheka na sare, na uwanja mzima ulivaa nyekundu. Dakika ya 30 Ramos alimpa Paul Caligiuri mpira, Caligiuri akampiga chenga mtu mmoja na kuachia shuti la mguu wa kushoto kutoka mbali. Meola, akiwa na miaka 20, alilinda lango hadi mwisho. Harkes naye alikuwamo uwanjani. Watatu kutoka mtaa mmoja wa viwanda. FIFA ilikuwa imeshaipa Marekani uenyeji wa 1994, na bila ushindi ule wangekuwa wenyeji wa sherehe wasiojua kucheza ngoma yake.

Mwaka 1994 walijua. Meola alikuwa nahodha. Ni krosi ya Harkes aliyoigusa Andrés Escobar wa Kolombia na kujifunga, tarehe 22 Juni. Siku kumi baadaye Escobar aliuawa kwa risasi Medellín. Ni Ramos aliyepigwa kiwiko na Leonardo wa Brazil tarehe 4 Julai, fuvu likapasuka, Marekani ikatolewa 1-0. Viwanjani waliingia watu 3,587,538, wastani wa karibu 69,000 kwa mechi, rekodi ambayo mashindano makubwa zaidi yaliyofuata hayakuifikia. Waliosema Wamarekani hawatakwenda kuangalia mpira walijibiwa kwa tiketi.

Ahadi iliyotolewa kwa FIFA ilikuwa kuanzisha ligi. MLS ilianza tarehe 6 Aprili 1996 na timu kumi, na safari hii wenye mali walikuwa na woga wa NASL mifupani. Wachezaji wote walisaini mkataba na ligi yenyewe, si na klabu. Mishahara iliwekewa kikomo. Hakuna timu inayoshuka daraja. Mwanzoni walijaribu kuupindua mpira ufanane na michezo yao mingine: saa ilihesabu kurudi nyuma, na sare ilivunjwa kwa mchezaji kukimbia na mpira kutoka yadi 35 kumkabili golikipa. Mashabiki walikataa, na baada ya msimu wa 1999 mambo hayo yakaondolewa. Januari 2002 timu mbili za Florida zikafutwa. Ligi ilibaki na timu kumi, na Philip Anschutz peke yake alifikia kumiliki sita. Angechoka mwaka ule, hadithi ingeishia hapo.

Miezi michache baadaye Marekani ikafika robo fainali ya Kombe la Dunia, Korea Kusini, ikatolewa na Ujerumani 1-0. Viwanja vya soka vikaanza kujengwa, kwa kufuata mfano wa Columbus wa mwaka 1999. Mmojawapo ni ule wa Harrison, watu 25,000, uliofunguliwa 2010 kwenye ardhi ya viwanda vilivyokufa, umbali wa kutembea kutoka kiwanda cha Clark. David Beckham alikuja 2007, Lionel Messi 2023. Kampuni ya Apple ilinunua haki za matangazo kwa miaka kumi. Toronto walilipa dola milioni 10 kuingia ligi mwaka 2007. San Diego, timu ya 30, iliyoanza kucheza 2025, inaripotiwa kulipa milioni 500. Kuanzia 2027 msimu utaanza katikati ya mwaka na kuisha mwaka unaofuata, kama Ulaya. Baridi ya Januari hapa haina mchezo, kwa hiyo watapumzika katikati.

Afrika nayo imewapima. Ghana iliwatoa Kombe la Dunia 2006, ikawatoa tena 2010 Rustenburg kwa bao la Asamoah Gyan katika muda wa nyongeza, usiku ambao bara zima lilishangilia. Mwaka 2014, Natal, Clint Dempsey alijibu kabla ya sekunde 40 kupita, na Marekani ikashinda 2-1.

Nataka nikae kidogo kwa Dempsey, kwa sababu maisha yake yanaonyesha mlango uliofungwa leo. Alikulia Nacogdoches, Texas, katika nyumba ya trela, akicheza na vijana wa Kimeksiko kwenye viwanja vya vumbi. Klabu nzuri ilikuwa Dallas, mwendo wa takriban saa tatu kwa gari. Wazazi walimpeleka, kisha wakashindwa na gharama. Alirudi baadaye kwa msaada wa familia za wenzake. Hapa ndivyo ulivyo mpira wa watoto: mzazi analipa. Analipa klabu, kocha, jezi, mashindano ya mbali, hoteli. Kijana wangu alipofaulu majaribio ya klabu moja nililetewa karatasi ya ada, na jumla yake ilizidi kodi yetu ya mwezi. Mama yake aliisoma mara mbili, akaikunja, akasema, "Tutamwambiaje mtoto?" Tulimwambia ukweli. Sasa anacheza na wenzake bustanini siku za Jumapili, na mimi ndiye kocha, kwa kuwa hakuna mwingine.

Ada hizo zina chanzo. Duniani kote, mchezaji akisajiliwa au akiuzwa, klabu iliyomlea hupata fidia yake, na kwa fedha hiyo hulea wengine. Marekani ilikataa kuutekeleza utaratibu huo kwa miaka mingi, ikihofia kesi za kazi mahakamani. DeAndre Yedlin alipouzwa Tottenham mwaka 2014, klabu iliyomlea karibu na Seattle ilibidi ianze kudai. Ni mwaka 2019 tu MLS ilipotangaza kwamba nayo itadai fidia kwa vijana wake. Klabu isiyo na tumaini la fidia itamtoza nani isipokuwa mzazi? Tarehe 10 Oktoba 2017, Marekani ilipofungwa 2-1 na Trinidad na Tobago na kukosa Kombe la Dunia la 2018, watu walimlaumu kocha. Wangeanza na karatasi za ada.

Wakati huohuo vipaji vimejaa mahali ambapo hawatafuti. Lewiston, Maine, mji mwingine wa viwanda vya nguo vilivyofungwa, shule ya sekondari ilichukua ubingwa wa jimbo mwaka 2015 ikiwa na vijana wa Kisomali, wengi wao waliopitia kambi ya Dadaab. Handwalla Bwana, mzaliwa wa Mombasa aliyekulia Kakuma, alisajiliwa na Seattle Sounders 2018. Na yupo Bernard Kamungo. Alizaliwa kambi ya Nyarugusu, Kasulu, mkoani Kigoma, kwa wazazi waliokimbia vita Kongo. Familia ilifika Abilene, Texas, mwaka 2016. Hakupita akademia yoyote. Mwaka 2021 alikwenda kwenye majaribio ya wazi ya timu ya pili ya FC Dallas, yale ya kulipa ada ukapewa namba ya kubandika kifuani, akachaguliwa. Tarehe 6 Agosti 2023 aliifunga Inter Miami ya Messi katika mechi iliyoisha 4-4, na Januari 2024, San Antonio, akavaa jezi ya taifa la Marekani dhidi ya Slovenia.

Watu wananipigia simu kutoka Mwanza kuniuliza kama fainali ya 2026 itabadilisha kitu. Faida ya 1994 ilianzisha mfuko wa kujenga viwanja vidogo mijini, na nimeviona, vinafanya kazi. Safari hii mimi ningeomba mabasi. Nasema kama mtu anayeyaendesha. Mtoto wa Kikongo ninayemfundisha anaishi Newark, mama yake anaingia kazini jioni, na akademia iliyotaka kumwona ina mazoezi saa kumi na mbili mahali ambapo basi langu halifiki. Akademia nyingine zimeshafuta ada, hilo nalipongeza, lakini mtoto bado anahitaji kufika. Kila klabu ya MLS iliyolipiwa mamia ya mamilioni inunue mabasi mawili, iyapeleke Jumatatu hadi Ijumaa katika mitaa wanakoishi wapangaji, iwachukue watoto na kuwarudisha kabla ya saa tatu usiku. Dereva atapatikana.